Baba anasema ni mfumo, kaka anasema ni imani haba, na mimi silali

Shikamoo mama mshauri,

Naomba usitaje jina langu wala ukoo wetu. Mimi ni binti wa miaka 29, kwetu ni Kibosho lakini naishi Moshi mjini, nauza mitumba ya watoto pale Memorial. Nina digrii ya sosholojia niliyoipata Dar es Salaam. Nilipomaliza niliomba kazi mpaka nikachoka, na kila mtu, kuanzia mjomba hadi watu wa redioni, akaniambia vijana tujiajiri. Basi nikajiajiri.

Kaka yangu ninayemfuata alikuwa dereva wa watalii Arusha. Mcheshi, anajua majina ya ndege wote wa porini, na ndiye aliyekuwa akinitumia nauli nilipokuwa chuo. Mwaka 2019 alikopa benki akanunua Land Cruiser yake mwenyewe, akaipeleka gereji ikarefushwa, akaacha kuajiriwa. Nyumbani tulifanya hadi ibada ya shukrani. Mwaka uliofuata corona ikaingia, watalii wakakatika, gari likachukuliwa hata nusu ya rejesho hajafika. Akaendesha bodaboda. Akaanza kukopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa ya mitaani, ili alipe kausha damu nyingine. Muda wote huo ukifungua status zake unakuta "Pambana", "Hakuna kulala", "Wakati wa Mungu ni wakati sahihi". Usingejua kitu. Hata mimi sikuyajua yote, ingawa mkopo mmoja nilimdhamini.

Krismasi ya 2021 hakupanda nyumbani. Unajua kwetu Wachaga maana yake nini mtu asipopanda Desemba. Alisema ana wageni Serengeti. Hakuwa na wageni. Mwezi wa kwanza akajiua. Kwa majirani na kanisani tulisema ni presha, na mpaka leo ukimuuliza mama yangu mzazi atakwambia ni presha.

Tangu tumalize matanga nyumba yetu imegawanyika. Baba alikuwa katibu wa chama cha msingi cha ushirika wa kahawa miaka ya themanini. Kijitabu cha Azimio la Arusha bado anacho, kimo kwenye sanduku la nguo pamoja na karatasi za kihamba, shamba letu la ukoo. Kwake yeye mwanawe aliuawa. Anasema nchi iliacha utu ikakumbatia pesa, ikawaambia watoto kila mtu na lwake, na mtoto wake akafa peke yake kama alivyofundishwa kuishi. Kaka yetu mkubwa ana duka la vifaa vya ujenzi Arusha na anasali kwenye kanisa linalohubiri mafanikio. Yeye anasema umaskini ni roho, unaanzia kwenye fikra, na kwamba marehemu alikosa imani na nidhamu ya fedha. Alilisema hilo mezani, baba akiwepo. Baba akamwambia atoke nje. Tangu siku hiyo wanasalimiana kwa ajili ya mama tu.

Mimi niko upande wa baba, na si kwa sababu ni baba yangu. Chuoni tulimsoma Durkheim, yule mwanasosholojia wa Kifaransa, nikaelewa kwamba vifo vya kujiua hupanda na kushuka kufuatana na jamii ilivyo. Nimesoma habari za Warusi baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika, na za Wamarekani weupe wasio na elimu ya chuo ambao wanauchumi Anne Case na Angus Deaton waliandika habari zao mwaka 2015, jinsi wanavyokufa kwa pombe, dawa za kulevya na kujiua. Kwa hiyo mtu akiniambia kaka yangu alikuwa dhaifu, natetemeka kwa hasira.

Sasa niseme yangu. Lile deni nililomdhamini nalilipa mimi, kila wiki. Biashara imelegea. Usingizi umekatika, naamka saa tisa usiku moyo unaenda mbio, na nikipiga hesabu zangu zote jibu linalokuja ni kwamba nikiondoka watu wangepumua. Rafiki yangu ambaye ni nesi anataka anipeleke hospitali nikaonane na daktari wa afya ya akili. Nimekataa. Naona nikienda nitakuwa nimekubali kwamba tatizo limo kichwani mwangu, na hiyo ndiyo hoja ya kaka mkubwa. Kama inayoumwa ni jamii, kwa nini dawa nimeze mimi?

Na kaka mkubwa naye amekuja na lake. Yuko tayari kulipa deni lote na kunipa mtaji wa milioni tatu. Ila anataka kwanza nihudhurie semina ya kanisa lao mwezi wa kumi na moja nikatoe ushuhuda, kwamba ndugu yetu aliangamia kwa kukosa maarifa na mimi nimeamua kubadili fikra. Nimemjibu nitafikiri. Baba amesikia, akaniambia nikiipokea hela hiyo nimemuuza ndugu yangu.

Desemba inakuja na wote watakuwa nyumbani. Nichukue hela? Niende hospitali? Au nikikubali lolote kati ya hayo namsaliti aliyekufa?

Mdogo wake, Moshi

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na mstari ulioupitisha haraka katikati ya barua. Unasema ukipiga hesabu zako usiku jibu ni kwamba ukiondoka watu wangepumua. Kwa hiyo nakuuliza wazi: unafikiria kujiua? Usiogope kwamba swali hili litakutia wazo ambalo hukuwa nalo. Waliolichunguza jambo hili hawajaona hivyo; mara nyingi mtu akiulizwa hupata nafasi ya kushusha pumzi. Kama jibu ni ndiyo, au ni "sijui", usiku wa leo usilale peke yako. Mpigie rafiki yako nesi, umwambie maneno yaleyale uliyoniandikia mimi bila kuyapunguza makali. Kama kuna kitu nyumbani kwako ambacho mawazo hayo hukiendea, kitoke mikononi mwako leo, akitunze mtu mwingine. Hali ikizidi usiku, hospitali za KCMC na Mawenzi ziko hapohapo Moshi, nenda idara ya dharura na mtu wa kukushika mkono. Ipo pia namba ya bure ya Wizara ya Afya, 199, ya kuelekezwa.

Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa polisi, kwa hiyo nilimalize na hilo. Kanuni yetu ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Ghana walikwisha kuifuta sheria ya namna hiyo mwaka 2023, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu chao kinapingana na katiba. Binafsi naisubiri siku yetu. Lakini kumwambia daktari kwamba una mawazo hayo si kosa hata kidogo, wala hakuna atakayekuandikia shtaka.

Haya, sasa tukae tuongee.

Nilivyokuelewa, umebeba mambo matatu kwa pamoja: kifo ambacho nyumbani kwenu hakina jina lake halisi, deni ambalo hukulila, na ugomvi wa wanaume wawili ambao kila mmoja anataka ushahidi wako. Juu ya hayo umejiwekea sharti kwamba usitibiwe mpaka ijulikane nani mwenye hatia. Hilo sharti la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi kuliko hela.

Kwanza nikuunge mkono pale ulipo na haki. Mwaka 2019 nchi hii ilipokea watalii wapatao milioni 1.5; mwaka 2020 walikuja kama laki sita na elfu ishirini tu. Hakuna mtu Arusha, awe na imani ya kuhamisha milima au asiwe nayo, aliyeweza kuwashusha watalii uwanja wa ndege wa KIA mwaka ule. Na hali ya uchumi kweli huingia mpaka chumbani kwa mtu. Watafiti David Stuckler na Sanjay Basu na wenzao walipitia takwimu za nchi za Ulaya za kuanzia mwaka 1970 hadi 2007, wakaona kwamba kila ukosefu wa ajira ulipopanda kwa asilimia moja, vifo vya kujiua kwa watu wa chini ya miaka 65 vilipanda kwa karibu asilimia 0.8. Ila nchi zilizotumia fedha kuwasaidia waliopoteza kazi kurudi kazini ziliumia kidogo zaidi. Sweden ilipita kwenye mtikisiko mkubwa wa ajira mwanzoni mwa miaka ya tisini bila vifo hivyo kupanda. Indonesia nako, serikali ilipoanza kuzipa fedha taslimu kaya maskini, vifo vya kujiua vilipungua kwa karibu asilimia 18 katika maeneo yaliyofikiwa. Basi kaka yako mkubwa akisema yote yanaanzia kwenye fikra, unayo ya kumjibu. Kaya zile hazikubadili fikra kwanza. Zilipewa hela.

Lakini takwimu hizo ni za maelfu ya watu, na ulizisoma chuoni kwa ajili ya kuelewa maelfu. Haziwezi kunieleza mimi wala wewe kilichokuwa moyoni mwa ndugu yako mwezi ule wa kwanza. Madereva wengi wa Arusha walipoteza magari mwaka uleule na wako hai. Sisemi walikuwa imara kumzidi. Nasema mtu anapofika pale mara nyingi mambo kadhaa yamekutana: deni, aibu, huenda sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ambayo hakuna aliyeitambua, huenda pombe, huenda jambo ambalo hamtalijua kamwe. Baba yako anaye mkosaji mmoja, na kaka yako anaye mmoja. Mimi sina wa kukupa, na najua si jibu ulilolitaka.

Nimkute baba yako kidogo. Mimi ni mtu wa umri wake. Nimepanga foleni ya sukari na sabuni hapa Arusha, kwa hiyo asidhani nitamwachia aseme enzi zile watu wote walicheka. Azimio la 1967 lilikuwa na mengi mazuri, na naelewa kwa nini analitunza sandukuni. Lilimwambia mkulima wa Kibosho kwamba thamani yake haipimwi kwa fedha. Lakini nchi ileile, mwaka 1983, ilipitisha sheria ya nguvukazi, na kijana asiye na ajira Dar es Salaam akakamatwa kama mzururaji na kurudishwa kijijini. Mwaka huohuo wafanyabiashara wadogo kwa wakubwa walisombwa kwa uhujumu uchumi. Kijana wa mitumba kama wewe angepata shida kubwa. Na huko kwa Wasovieti unakokutaja, ni kweli wastani wa umri wa kuishi wa wanaume wa Urusi ulianguka kutoka karibu miaka 64 mwaka 1990 hadi chini ya 58 mwaka 1994, na kujiua kulikuwa sehemu ya vifo vile. Ila kabla ya hapo serikali ya Kisovieti iliificha hesabu ya wanaojiua kwa miongo mingi, kwa sababu nchi iliyotangaza kwamba imeondoa dhuluma haikuweza kukubali kwamba watu wake wanakata tamaa. Nadhani wewe unajua nyumba inayoficha.

Najiuliza pia kama hasira ya baba haina kitu kingine chini yake. Katibu wa ushirika aliyeona bei ya kahawa ikianguka baada ya mkataba wa kahawa wa dunia kuvunjika mwaka 1989, kisha akaona wanunuzi binafsi wanaingia katikati ya miaka ya tisini, huyo alikwisha kuuzika ushirika wake kabla hajamzika mwanawe. Akiilaumu nchi analia mara mbili.

Kaka mkubwa je? Umemwandika kama mtu mkatili, na lile neno la mezani lilikuwa baya. Lakini fikiria ana duka, ana mzigo wa mabati na saruji alioukopea, na mdogo wake aliyekuwa hodari kama yeye ameanguka ndani ya mwaka mmoja. Mtu huyo analala vipi? Analala kwa kuamini kwamba marehemu alikosea mahali, na kwamba yeye hatakosea hapo. Sikuombi ukubaliane naye. Mafundisho yale yana hatari yake, na naitaja bila kificho: yanambeba mtu vizuri akipanda, na siku akianguka yanamwachia lawama yote peke yake. Ndugu yako alikuwa akiandika "Pambana" hadi mwisho. Hakuwa mpinzani wa mafundisho ya kaka yako, alikuwa muumini wake mkubwa.

Sasa nikuulize wewe, msomi wangu. Huyo Durkheim uliyemsoma hakusema tu kwamba watu wakikosa jamii huangamia. Mwaka 1897 alisema pia kwamba utajiri wa ghafla huyumbisha kama umaskini wa ghafla, kwa kuwa matamanio ya mtu hukosa mpaka. Na alisema kwamba jamii inayombana mtu kupita kiasi nayo huua. Je, ndugu yako alikosa jamaa? Nikisoma barua yako naona alikuwa nao wengi. Walimfanyia ibada ya shukrani kwa ajili ya gari. Walimsubiri Desemba. Na naona mtu aliyebuni wageni wa Serengeti kwa sababu hakuwa na cha kupanda nacho mlimani. Mtaani wanasema pambana na hali yako, nyumbani wanauliza umekuja na nini, na kati ya sauti hizo mbili sioni tofauti kubwa kama baba anavyoiona. Sikuambii haya uwalaumu ndugu zako, wala ujilaumu wewe uliyemdhamini. Nakuambia kwa sababu wewe mwenyewe, usiku, unahesabu thamani yako kwa kipimo kilekile: nani anapata nafuu nisipokuwepo. Umeukataa mfumo kwa hoja, na saa tisa usiku unatumia mizani yake.

Ndiyo maana swali la hospitali nalitazama tofauti na wewe. Wachimbaji wa Mererani huvuta vumbi linaloharibu mapafu, na vumbi hilo ni matokeo ya jinsi machimbo yanavyoendeshwa. Sijasikia mchimbaji anayekataa kutibiwa kifua kwa kuogopa kwamba atamwondolea lawama mwenye mgodi. Na chuoni bila shaka walikutajia Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili aliyeandika dhidi ya ukoloni. Mtu yule aliamini kuliko wewe na baba yako kwamba jamii inaweza kumtia mtu wazimu. Alijionea Algeria ya wakoloni, katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Blida alikofanya kazi kuanzia mwaka 1953. Alijiuzulu mwaka 1956 kwa kupinga ukoloni, akaenda Tunis kuwaunga mkono wapigania uhuru. Huko Tunis alifanya nini? Aliendelea kutibu wagonjwa. Hakuona kwamba kumsaidia mtu mmoja alale usiku ni kumpigia kura mkoloni.

Unaweza kuwa sahihi kuhusu jamii na bado ukawa unaumwa. Kutolala, moyo kwenda mbio alfajiri, kuona kwamba wewe ni mzigo, hizo ni dalili ambazo daktari anazijua na zinatibika. Atakuuliza usingizi, chakula, msiba, pombe, deni. Huenda akapima damu kuhakikisha hakuna jambo jingine mwilini. Huenda akashauri mazungumzo na mwanasaikolojia, huenda dawa, huenda vyote. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla hujahisi tofauti, na zina maudhi yake, hivyo ukianza usiziache ghafla bila kumuuliza. Hatari ya njia hii ipo: unaweza kukutana na foleni ndefu na mtu mwenye haraka, akakuandikia vidonge bila kukusikiliza, ukarudi nyumbani ukiamini nilikudanganya.

Ila matibabu si vidonge tu. Zimbabwe kuna bibi wa mitaa ya Harare waliofunzwa na daktari Dixon Chibanda na wenzake kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuchambua nao tatizo moja moja: kodi ya nyumba, mume, deni. Utafiti uliotoka mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi yule haulizi kama tatizo limo kichwani au limo duniani. Anauliza lipi tuanze nalo.

Tuje kwenye hela, na hapa sina jibu la kukukabidhi.

Ukiichukua kwa sharti lake, deni linaisha, na usidharau hilo; rejesho la kila wiki linakula usingizi kuliko hoja yoyote. Lakini utakuwa umesimama mbele ya watu na kusema juu ya marehemu maneno usiyoyaamini, na wewe ndiye utakayeyasikia tena usiku. Fikiria pia atakayekuwa ameketi viti vya nyuma, mwenye madeni yake, akisikia kwamba wanaoanguka huanguka kwa kukosa imani. Huyo mtu atarudi nyumbani na nini?

Ukiikataa yote unabaki na heshima yako na rejesho lako. Hapo nina swali dogo: baba anayesema hela ile ni ya kumuuza ndugu yako, amewahi kukuuliza unalipa kiasi gani kila wiki? Utu anaoutetea ungeweza kuanzia hapo.

Kuna njia ya katikati, ingawa inahitaji moyo. Mwambie kaka, uso kwa uso na si kwa meseji, kwamba deni lile ni la ndugu yenu nyote, na unaomba mlilipe kama familia bila ushuhuda. Mtaji uacheni kando kwanza. Anaweza kukataa. Anaweza pia kuwa anatafuta njia ya kumlipia mdogo wake kitu, na semina ndiyo lugha pekee aliyo nayo. Humjui mpaka umuulize. Wapo ambao wangekuambia uende semina ukatoe ushuhuda wako mwenyewe, ukaseme ukweli wa jinsi alivyokufa na kuwaomba wenye mawazo hayo watafute msaada. Mimi nasita. Mama yako bado anasema presha. Jambo hilo lisimfikie kupitia kipaza sauti. Na wewe mwenyewe kwa sasa huna nguvu za kusimama pale.

Sambamba na hayo, angalia deni lenyewe. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 mkopeshaji anatakiwa awe na leseni, na mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ndefu ya programu za mikopo zisizo na kibali. Omba mchanganuo wa maandishi: mkopo ulikuwa kiasi gani, umelipwa kiasi gani, riba ni ipi, na wewe mdhamini ulisaini nini hasa. Mpelekee msaidizi wa kisheria karatasi hizo kabla hujalipa rejesho jingine kwa woga. Inawezekana unalipa zaidi ya unachodaiwa. Inawezekana pia kila kitu ni halali, na hapo angalau utaijua siku ya mwisho wa malipo.

Kuhusu kumsaliti aliyekufa: sijui. Nilimsoma katika barua yako kama mtu aliyekuwa akikutumia nauli uende chuo, na sidhani aliituma ili uje uumie kwa niaba yake, lakini wewe ulimjua na mimi sikumjua. Kama una mtu mmoja nyumbani ambaye unaweza kutamka mbele yake kwamba alijiua, hata ni mdogo wenu wa mwisho, jaribu. Uliniandikia mimi mgeni. Huenda ndugu yupo anayesubiri mtu mwingine aanze. Desemba unaweza kupanda kwa siku moja na kushuka, unaweza kukaa yote, unaweza usipande kabisa. Ukichagua kutopanda, mtu mmoja ajue sababu ya kweli.

Lakini Desemba iko mbali kuliko wiki hii. Nenda na rafiki yako nesi, kisha uniandikie ilivyokuwa, hasa kama daktari hakukusikiliza. Wapo wasiosikiliza, na tutamtafuta mwingine.